Figo Zikichoka, Linda Moyo: Mwongozo kwa Wagonjwa wa Kitui na Makueni

Mtu akiambiwa kliniki kwamba figo zake zimeanza kuchoka, hofu ya kwanza huwa ni mashine ya dialisisi. Anauliza gharama, anauliza kama atalazimika kuhamia karibu na mji wa Kitui au Wote, anauliza nani atabaki na ng'ombe. Ni maswali ya haki, ila mara nyingi yanakosa lile kubwa. Mgonjwa wa figo aliye katika hatua za kati ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa ya damu kuliko kufika kwenye mashine. Anayeilinda figo yake na kuusahau moyo amefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Mwongozo huu ni wa mwenye ugonjwa wa figo wa muda mrefu, wa mwenye presha au sukari ambaye figo zake ziko hatarini, na wa yule anayempikia. Haumwondoi daktari: dawa yoyote ya kuanza, kuacha au kubadilisha iwe kwa shauri lake.

Kwanza, elewa kinachotokea

Mwili unapotumia chakula kupata nguvu, hutoa chembe za oksijeni zisizotulia. Chembe hizo hushambulia kilicho karibu nazo: mafuta, protini, hata ukuta wa mshipa. Mtu mwenye afya ana kinga ya kuzidhibiti. Figo zikidhoofika, sumu ambazo zingetoka na mkojo hubaki kwenye damu, homoni zinazopandisha presha huzidi, uvimbe wa ndani kwa ndani hauishi, na kinga yenyewe hupungua. Hali hiyo ndiyo huitwa msongo wa oksidesheni.

Hapo ndipo kolesteroli inapoingia. Kolesteroli ya aina ya LDL, ikishaharibiwa na chembe hizo ndani ya ukuta wa mshipa, humezwa na seli nyeupe za damu hadi seli hizo zinajaa mafuta na kufia humohumo. Mabaki yake hujenga utando. Siku utando ukipasuka, damu huganda juu yake: kwenye mshipa wa moyo ni mshtuko wa moyo, kwenye ubongo ni kiharusi. Juu ya hayo, figo dhaifu hushindwa kutoa fosforasi, na mishipa huwa migumu kwa chokaa. Ndiyo maana mgonjwa wa figo anaweza kuugua moyo akiwa bado kijana.

Hatua ya 1: Jua namba ya figo zako

Usitosheke kuambiwa "kreatinini iko sawa". Kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo maana yake hubadilika kwa umri na jinsia. Chukua karatasi mbili za maabara zenye kreatinini ileile, mikromoli 110 kwa lita. Moja ni ya kijana wa kiume wa miaka 30: ukipiga hesabu, figo zake zinachuja kama mililita 80 kwa dakika. Nyingine ni ya mama wa miaka 65: zake zinachuja takriban 48. Kijana hana sababu kubwa ya kushtuka. Mama, kama hali hiyo imedumu miezi 3, ana ugonjwa wa figo wa hatua ya tatu, na huenda maabara haikuweka hata alama kwenye karatasi yake.

Kwa hiyo omba vitu viwili:

- Kiwango cha uchujaji, ambacho kwenye karatasi huandikwa eGFR. Chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3 ni ugonjwa wa figo. Chini ya 30 ni hatua ya nne. Chini ya 15 ni ya tano.
- Kipimo cha protini ya albumini kwenye mkojo, kinachoandikwa ACR. Kikizidi miligramu 30 kwa gramu moja ya kreatinini, mishipa ya figo inavuja, na mara nyingi ni dalili kuwa mishipa ya moyo nayo inaumia. Kinaweza kuwa juu hata kama uchujaji bado ni mzuri.

Nunua daftari dogo. Andika tarehe, namba, na hospitali uliyopimwa. Karatasi za maabara hupotea, daftari hukaa.

Hatua ya 2: Isome kolesteroli kwa jicho la mgonjwa wa figo

Hapa wengi hudanganyika. Mgonjwa anapimwa, LDL inatoka ya kawaida, anaambiwa yuko sawa, anarudi nyumbani ametulia. Kwa mwenye figo dhaifu, LDL mara nyingi huwa ya kawaida au hata ya chini. Kilichoharibika ni hali yake. Huwa katika chembe ndogo nzito, ambazo hupenya ukuta wa mshipa na kuharibiwa kwa urahisi. Zaidi ya hayo, mafuta mengine ya damu, trigliseridi, hupanda na kolesteroli nzuri, HDL, hushuka.

Kwa hiyo omba kipimo kamili, kisha angalia mistari miwili ambayo watu huiruka. Trigliseridi ikizidi milimoli 1.7 kwa lita imepanda. HDL ikiwa chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke iko chini. Uliza kama unatakiwa kufika bila kula, maana chai ya maziwa na mandazi ya asubuhi vinaweza kupandisha trigliseridi.

Hatua ya 3: Pima presha kwa utaratibu

Vichache huharibu figo na moyo kwa pamoja kama presha iliyoachwa. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Mtafute wa kijiji chako, umjue kwa jina, na umwombe akupime nyumbani.

Kipimo kizuri kina masharti:

1. Nusu saa kabla, usinywe chai wala kahawa, usivute sigara, usinuse ugoro, usitafune muguka.
2. Nenda haja ndogo kwanza.
3. Keti dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo.
4. Usizungumze. Pima mara 2, ukiacha dakika moja katikati, na uandike zote.

Kwa wagonjwa wengi wa figo lengo ni chini ya 130/80. Madaktari wengine hulenga namba ya juu iwe chini ya 120 kwa wanaovumilia. Mzee anayepata kizunguzungu akisimama huwekewa lengo lake.

Kama mkojo una protini, dawa za jamii ya enalapril au losartan hupewa nafasi ya kwanza kwa kuwa hushusha presha na kupunguza uvujaji wa protini. Baada ya kuzianza au kuongezewa kipimo, rudi wiki 2 hadi 4 upimwe kreatinini na potasiamu. Uliza pia kuhusu dapagliflozin na empagliflozin. Zilianza kama dawa za sukari, lakini utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha dapagliflozin hulinda figo hata kwa asiye na sukari, na dawa za jamii hii hupunguza kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi. Ukipewa, muulize daktari uzisimamishe lini: ukiharisha, ukitapika au ukikosa kula, huwa hatari.

Hatua ya 4: Itafute chumvi iliyojificha

Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa chumvi yote ya siku. Huku kwetu inaingilia milango kadhaa.

*Maji.* Visima virefu vingi vya Kitui na Makueni vina maji ya chumvi, na kila mtu anajua kile kisima ambacho chai yake haina ladha. Kuyachemsha hakuondoi chumvi. Maji yakipungua, chumvi inazidi kukolea. Kama nyumba ina njia, maji ya mvua ya tangi au ya bwawa la mchanga yatengwe kwa kunywa na kupika, yakishatibiwa, na ya kisima kirefu yawe ya kufua na kuosha. Mwambie daktari unakunywa maji gani. Ni vigumu kwake kuelewa kwa nini presha haishuki kama hajui.

*Magadi.* Yanawekwa kwenye maharagwe na muthokoi ili vilainike haraka. Ni sodiamu, hata kama ulimi hausemi chumvi. Kuloweka usiku kucha kunafanya kazi hiyohiyo.

*Viungo vya paketi.* Unga wa mchuzi na vipande vya supu ni chumvi kwa sehemu kubwa. Kitunguu saumu, tangawizi, dania na ndimu vinatosha.

Onyo: chumvi zinazouzwa kama "za wagonjwa wa presha" mara nyingi hutengenezwa kwa potasiamu. Kwa mgonjwa wa figo anayetumia losartan au enalapril, potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo.

Hatua ya 5: Panga upya chungu

Muthokoi na ndengu si adui. Nafaka na kunde za Ukambani zina nyuzinyuzi zinazosaidia kolesteroli, na mafuta yake ni kidogo kuliko ya nyama. Kazi iko kwenye mapishi. Kwa watu 4:

1. Jioni, loweka muthokoi na ndengu au maharagwe katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo.
2. Chemsha kwa maji mapya kama dakika 10, mwaga tena, kisha weka mengine na upike hadi viive. Hii hupunguza potasiamu.
3. Kaanga kitunguu kwa vijiko 2 vya mezani vya mafuta ya alizeti, mahindi au soya. Ongeza kitunguu saumu na nyanya kidogo.
4. Weka chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa chungu kizima. Kila mtu atapata kama gramu 1 na robo kwa mlo huo.
5. Kamulia ndimu ukishaepua.

Mafuta ya kuganda ya kopo na mengi ya maji yenye rangi ya dhahabu hutoka kwenye mawese, ambayo yana mafuta mazito yanayopandisha LDL. Soma kibandiko. Chipsi na mandazi ya kibandani yana shida nyingine: mafuta yaliyokaangiwa siku baada ya siku yameshaharibiwa na oksijeni kabla hayajafika tumboni, na kwa mwili ambao tayari umelemewa na oksidesheni huo ni mzigo juu ya mzigo.

Kuhusu potasiamu, usijinyime kabla ya kupimwa. Wengi wa hatua za mwanzo hawahitaji kuacha embe, chungwa wala sukuma wiki. Kipimo kikionyesha imepanda, mboga za majani zikatwe, zichemshwe kwa maji mengi na maji yamwagwe. Ndizi, parachichi na machungwa yapunguzwe. Soda nyeusi ziachwe hata hivyo: zina sukari, na zina fosforasi ambayo mwili huinyonya karibu yote.

Nyama, mayai na maziwa usiviache kabisa kwa kusikia kwamba "protini inaua figo". Mgonjwa asiye kwenye mashine hushauriwa takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na aliye kwenye dialisisi huhitaji zaidi.

Hatua ya 6: Uliza kuhusu statini

Hii ndiyo dawa ya kushusha kolesteroli ambayo mara nyingi mgonjwa wa figo hapewi kwa sababu tu LDL yake ilionekana sawa. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2013 unasema mtu wa miaka 50 na zaidi mwenye ugonjwa wa figo, asiye kwenye dialisisi, apewe dawa hizi bila kungoja kolesteroli ipande. Wa miaka 18 hadi 49 hupewa akiwa na sukari, aliwahi kupata kiharusi, au ana ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata.

Ushahidi upo. Utafiti uitwao SHARP, uliotolewa mwaka 2011 ukihusisha wagonjwa wa figo zaidi ya 9,000, ulilinganisha simvastatin ikiambatana na ezetimibe dhidi ya vidonge visivyo na dawa. Matukio makubwa yatokanayo na mishipa kuziba yalipungua kwa asilimia 17.

Kwa aliyeanza dialisisi mambo hubadilika. Tafiti mbili kubwa, 4D ya mwaka 2005 na AURORA ya 2009, zilionyesha kuanza statini ukiwa tayari kwenye mashine hakuleti faida ya wazi. Aliyekuwa akizitumia kabla huendelea nazo. Kwa hiyo wakati wa kuuliza ni sasa, kabla figo hazijashuka zaidi.

Ukipewa, zingatia haya. Maumivu ya misuli yasiyo na sababu, hasa mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, ni ya kurudi hospitalini siku hiyohiyo. Mjamzito hapaswi kuzitumia bila daktari kuamua. Taja dawa zako zote, zikiwemo za HIV na antibayotiki, kwa kuwa baadhi hazipatani na statini. Na usiache kwa sababu kipimo kimekuwa kizuri. Kimekuwa kizuri kwa sababu unameza.

Hatua ya 7: Usinunue kinga kwenye paketi

Siku ya soko, iwe Kalundu, Emali au Mwingi, hukosi mtu mwenye kipaza sauti anayeuza unga wa "kusafisha damu na figo". Siku hizi amejifunza kutaja vioksidishi, yaani zile chembe kali za oksijeni, na kinga dhidi yake. Hoja yake inasikika vizuri: kama chembe kali za oksijeni ndizo tatizo, basi meza kitu cha kuzizima.

Hoja hiyo imejaribiwa kwa miaka mingi. Vitamini E ilileta matumaini katika utafiti mdogo wa wagonjwa wa dialisisi mwaka 2000, lakini utafiti mkubwa zaidi kwa watu wenye figo dhaifu haukuona faida kwa moyo. Dawa mpya ya bardoxolone, iliyotengenezwa kuamsha kinga ya mwili yenyewe dhidi ya chembe hizo, ilisimamishwa majaribioni mwaka 2012 kwa sababu wagonjwa wengi zaidi walipata matatizo ya moyo. Vitamini C nyingi nayo hugeuka kuwa oksaleti, ambayo huweza kujikusanya kwenye figo.

Kwa wa huku kuna la ziada. Unga wa ubuyu wa Kibwezi na Mtito Andei ni chakula kizuri kwa mwenye figo nzima, lakini umejaa potasiamu. Unga wa mlonge na juisi nzito ya ukwaju nao si wa kunywa kila siku bila kupimwa. Mgonjwa wa hatua ya nne anayekunywa vikombe vya ubuyu "kwa ajili ya kinga" huku anameza losartan anajitafutia hatari.

Kinachopunguza msongo wa oksidesheni kwa hakika ni mambo ambayo hayauzwi kwa kipaza sauti: presha iliyoshuka, sukari iliyodhibitiwa, tumbaku iliyoachwa.

Hatua ya 8: Ondoa vinavyochochea

- *Tumbaku ya kila namna.* Sigara humwaga chembe kali moja kwa moja kwenye damu. Ugoro wa wazee hauna moshi, lakini nikotini yake hupandisha presha na mapigo ya moyo.
- *Muguka na miraa.* Hukaza mishipa na kuukimbiza moyo. Kwa mgonjwa wa figo havina kiasi salama cha kupendekeza.
- *Dawa za maumivu.* Diclofenac na ibuprofen hupunguza damu inayofika kwenye figo, hupandisha presha na huongeza hatari kwa moyo. Mgongo ukiuma baada ya kulima, omba parasetamoli kwa kipimo sahihi. Dukani, jitambulishe: "Mimi ni mgonjwa wa figo."
- *Moshi wa jikoni.* Kuni na makaa katika chumba kisichopitisha hewa huumiza mishipa ya mpishi. Fungua dirisha, toboa tundu la moshi, au pika nje kiangazi.

Tembea kwa kasi au fanya kazi ya mkono angalau dakika 30, siku 5 kwa wiki. Fanya asubuhi au jioni. Jua la saa saba mchana hukausha mwili, na figo zilizochoka hazivumilii kukaushwa. Lakini hata kwenye joto, kama daktari amekuwekea kikomo cha maji ya kunywa, kifuate hicho.

Hatua ya 9: Panga kliniki na malipo

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya ile ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Jisajili kwa kupiga *147#, au umwombe mhudumu wa afya ya jamii akusaidie. Huduma ya msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa serikali kwa aliyejisajili. Huduma za hospitalini, ikiwemo dialisisi, zinahitaji mchango wako uwe umelipwa. Kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hutozwa kwa mwaka mzima. Lipa mapema, msimu wa embe au ndengu ukileta pesa, usingoje kulazwa.

Presha na sukari zipimwe karibu na nyumbani. Vipimo vya figo, mkojo na kolesteroli vifanywe kulingana na hatua yako: wa hatua ya tatu aliyetulia mara 2 kwa mwaka, wa hatua ya nne kila baada ya miezi 3 au 4. Hospitali za rufaa za kaunti, mjini Kitui na Wote, zina vitengo vya figo. Anayetoka mbali, kama Kyuso au Mutomo, aombe vipimo na kuonwa na daktari vipangwe siku moja, nauli isitumike mara mbili.

Nenda na daftari, dawa zote ndani ya mfuko mmoja pamoja na za mitishamba, na maswali haya 4:

1. Uchujaji wangu ni ngapi, na umeshuka kwa kiasi gani tangu mara ya mwisho?
2. Mkojo wangu una protini?
3. Je, ninafaa kupewa statini?
4. Potasiamu yangu inaniruhusu kula nini?

Hatua ya 10: Jua dalili zisizongoja

Nenda hospitalini mara moja, usiku au mchana, ukiona: kifua kubana au kuuma kwa zaidi ya dakika chache, kushindwa kupumua ukilala chali, uso kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito ghafla, moyo kuruka mapigo na mwili kulegea, miguu kuvimba na uzito kupanda kilo 2 ndani ya siku 2. Baadhi ya wenye sukari na baadhi ya wanawake hawapati maumivu makali ya kifua. Wao huenda wakahisi kichefuchefu, jasho la ghafla au uchovu wasioweza kuueleza, na watu wa nyumbani wakadhani ni malaria. Andika dalili hizi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na nambari ya mwenye gari au bodaboda anayekubali kutoka usiku, na umwonyeshe kila anayelala nyumbani daftari linakaa wapi.